Balbina Mtafuta Mpunga Pori

Balbina binti Fulgensi alikuwa na miaka ishirini na minne alipoanza kukusanya magugu, na watu wa Mchombe, bondeni Kilombero, wakaona basi, masomo yamemharibu. Alisoma kwa masista Ifakara mpaka darasa la sita, akarudi kulima mpunga na baba yake, kwa kuwa mama alikwisha kufariki na kaka zake walikwenda kwenye mkonge. Mwanamke wa mikono mikubwa, msemaji wa kiasi, mcheshi akishakuzoea.

Habari ya magugu ilitoka kwa Sista Aurelia, mtunza bustani ya misheni Ifakara. Huyu alikuwa mwanachama wa Chama cha Mimea cha Jimbo. Hawakufika hata watu arobaini: mabwana shamba, walimu, mapadre, na wengine wapendao majani tu. Walikutana Morogoro mara mbili kwa mwaka, wakaazimana vitabu, wakawapa wachunguzi wa mimea vifaa na mahali pa kufanyia kazi. Tena kila mwaka walimchukua mtu mmoja wa bondeni au wa milimani, wakamweka kwa mtaalamu wao ajifunze kuitambua mimea, chakula na malazi juu ya chama. Mwaka ule wa 1956 mtaalamu alikuwa akichunguza mpunga pori, ule uotao wenyewe mabwawani, apate kujua ni upi unaovumilia mafuriko. Atakayeleta aina kumi zilizokaushwa vizuri ndiye angepewa nafasi.

Balbina aliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukapungua. Tangu utoto aliona kwamba mpunga pori haufanani wote: upo wenye ndevu nyekundu, upo ulalao juu ya maji, upo unaofanana na wa shambani mpaka unakudanganya. Hakuwahi kupata mtu wa kumwuliza kwa nini.

Sista akampa vibao viwili vya kubania majani, mikanda na magazeti ya zamani. Mwezi wa nne na wa tano Balbina aliingia mabwawani, maji kiunoni, na kila mmea akauandikia kikaratasi: umetoka wapi, siku gani, Wandamba, wenyeji wa bonde, wanauitaje. Aina kumi zikatimia. Kifurushi kikapanda lori kwenda Morogoro.

Mwanzoni mwa Juni Sista akamwita, akamsomea jibu. Mashina mazuri, maandishi safi, lakini masuke yote matupu, na mpunga pori hutambulika kwa punje zake. Chama kingemngoja mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nafasi ingekwenda kwa Donati, mtu wa Uluguru, aliyeleta aina sita zenye punje.

“Punje ziko wapi, Balbina?”

“Nilizikung'uta, Sista. Palepale bwawani.”

“Kwa nini?”

“Mtu hapiti na masuke ya mpunga pori katikati ya mashamba ya watu. Yakidondoka, mwakani jirani yako anapalilia magugu yako.”

Ndivyo walivyolelewa Mchombe. Ukiung'oa, unaupukutisha hapohapo ulipoota, ndipo unaubeba, na aliyekamatwa na masuke njiani alipalilia shamba la mwenzake msimu mzima. Balbina hakuwaza hata kidogo, mikono ilifanya yenyewe. Sista alianza kucheka, alipomwona anafuta macho akaacha. Akamwambia ayaandike hayohayo aliyoyasema, wayasome huko. Balbina akaandika, wala hakuomba kuhurumiwa.

Lakini barua haina punje, na mpunga pori ulikuwa umekwisha kupukutika wenyewe. Basi akamwendea Ponsiano, mvuvi, ndugu wa mama yake, kumwuliza ni wapi maji yanachelewa kukauka.

“Wenzako wanaomba mpunga pori ufe wote,” Ponsiano akasema, “wewe unaukodia mtumbwi?”

“Nipeleke, mjomba. Kucheka tutacheka njiani.”

Ponsiano alikuwa na mitego kwenye mabwawa mawili ng'ambo ya mto, na huko, akasema, masuke yalikuwa bado mabichi. Shida ilikuwa njia ya kurudi. Fulgensi, baba mtu, aliposikia alikataa kabisa. Punje zikidondoka, jina litakalotajwa ni lake. Balbina hakubishana naye. Aliwazungukia majirani saba wenye mashamba kando ya njia, akawaomba ruhusa mmoja mmoja. Sita wakakubali. Wa saba alikuwa mama Kandida, mjane, ambaye mwaka uliopita gugu hilo lilimnyang'anya nusu ya shamba.

“Nakupenda, Balbina,” akasema, “lakini hapa kwangu hupiti.”

“Haya, mama. Sipiti.”

Akarudi kwa Ponsiano kumwuliza kama mtumbwi unaweza kuteremka moja kwa moja mpaka Ifakara, bila kugusa Mchombe. Unaweza, siku mbili. Fulgensi aliletewa habari hiyo na Kandida mwenyewe. Baba mtu alichukua shuka la marekani, akakata vipande, akashona mifuko midogo ya kufunika kila suke, mshono mara mbili, akamkabidhi binti yake asubuhi ya safari.

Walipata aina nane, si kumi. Sista akazipeleka pamoja na ile barua.

Wiki nne Balbina alikata mpunga wa baba yake bila kujua kama nafasi ataipata. Kisha jibu likaja. Aina nane zilipokelewa, na mbili kati yake mtaalamu hakuwahi kuziona. Barua ya Balbina ilisomwa mbele ya chama kizima, wakaona kosa ni lao pia, kwa kuwa hawakuwauliza watu wa bondeni desturi zao. Nafasi waliigawa: Donati miezi sita ya kwanza, Balbina miezi sita ya pili, kuanzia Januari.

Balbina alilisoma jibu hilo kwa sauti, uani, baba yake akipepeta mpunga.

“Nusu mwaka,” Fulgensi akasema. “Itakutosha?”

“Haitoshi, Baba. Nikifika huko nitaomba nyingine.”

Akaenda, na akaomba. Chama kikamwongeza mwaka mmoja, halafu kikamrudisha Kilombero kuwafundisha wengine kukusanya mimea. Siku ya kwanza walikuja wanafunzi watatu, na mmoja wao alikuwa mama Kandida, aliyesema anataka kulijua vizuri hilo gugu linalomsumbua.