Kila Nilipotangazwa Kichaa, Nilitingisha Kichwa

Nimetembezwa ofisi kwa ofisi hapa Kitale nikitangazwa kuwa kichaa, na kila nilipotangazwa nilitabasamu, nikatingisha kichwa kukubali.

Usicheke. Ama cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Naitwa Nasike. Jina ni la Kibukusu kabisa, lakini mimi nilizaliwa Iganga, Uganda. Baba yangu Kizito alitoka Tongaren akiwa kijana, akavuka mpaka kutafuta maisha, akampata mama yangu, mwanamke wa Kisoga, akakaa huko mpaka akazikwa huko.

Kibukusu hakunifunza. Kiswahili ndiyo usiseme. Kwetu watu walisema hiyo ni lugha ya askari na wezi. Na Kizungu changu kiliishia darasa la nne, karo ilipokataa.

Kazi niliyojua ni jiko. Nimepikia shule nzima ya bweni posho, yaani ugali, na maharagwe, na hakuna siku watoto walilala njaa. Shule ikafungwa, nikabaki nimeshika tama.

Mama akaniambia, "Wewe si mtu wa kukosa kwenu. Enda kwa watu wa baba yako. Watakutafutia kazi."

Ndio nikaja Kitale kwa baba mdogo Wanyonyi, ndugu anayemfuata baba.

Mtu mkubwa, bana. Mzee wa kanisa, ng'ombe wa maziwa wa gredi nyuma ya nyumba, na sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mkewe alifariki zamani. Binti yake Sellah alikuwa anafanya kazi Bungoma mjini, wikendi anakuja nyumbani na begi la nguo chafu.

Mzee alinikumbatia akalia. "Damu ya kaka yangu!"

Alijua Kiganda cha kununua ndizi Mbale, na sisi wa Iganga Kiganda tunakisikia, basi tulielewana kwa hicho hicho.

Kesho yake akaniketisha chini. "Kazi nitakutafutia mimi mwenyewe. Lakini tukifika kwa wakubwa, usifungue mdomo. Wakisikia hiyo lafudhi yako watatufukuza. Mimi nitaongea. Wewe tabasamu na utingishe kichwa. Hapa Kenya wanapenda mtu wa heshima."

Nikamwamini. Ndugu ya baba yangu angenidanganya kweli?

Tukaanza kuzunguka. Tulienda kwa kiwanda kidogo cha maziwa, tukaenda gesti moja, tukaenda mpaka shule fulani ya bweni huko Endebess. Kila mahali mzee anaongea Kibukusu, ama Kiswahili cha mbio, anaongea kwa huruma, ananionyesha kwa mkono. Mimi natabasamu. Natingisha kichwa.

Kulikuwa na mambo niliyoona lakini sikuyaelewa. Kwa kiwanda, mkubwa alisogeza kiti chake nyuma. Kwa gesti, mama mwenye gesti alinitazama karibu machozi yamtoke, akafungua friji akanipa soda.

Nikasema moyoni, jamani, hawa watu wa kwetu wana roho nzuri!

Tukitoka nje namuuliza, "Wamesemaje?"

"Wamekataa. Ati wanataka mtu wa Kiswahili safi." Anapumua kama aliyefiwa. "Pole, mama. Tutajaribu kwingine. Kwa sasa nisaidie tu na hao ng'ombe."

Hiyo "kwa sasa" ikaota mizizi.

Asubuhi nakama, nakata nepia, yale majani ya ng'ombe, natoa samadi. Nikimaliza napika, nafua nguo zake, nafua za Sellah mpaka soksi. Halafu nabeba maziwa napeleka mtaa wa Tuwan kwa wateja. Kulipwa? Ati unalipwaje na nyumba ni ya kwenu?

Na jina langu hakulitaja hata siku moja. Aliniita "Mganda". Majirani wote wakajua Mganda.

Mteja wangu mkubwa pale Tuwan alikuwa Mama Naim, ana hoteli yake ya chai na chapati karibu na msikiti. Huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza jina langu. Akaanza kunifunza Kiswahili nikimmiminia maziwa. Nikikosea anacheka, halafu ananirudisha, "Hapana, mwanangu. Sema tena."

Siku moja nilikuwa kwake namsaidia kuhudumia watu. Nikabeba sufuria ya chai ya moto. Mwanaume mmoja akaruka kutoka kwa benchi.

"Weh! Mama Naim! Mnamwachia huyu kitu cha moto?"

Nikamtambua. Alikuwa Kimutai, yule mkubwa wa kiwanda cha maziwa aliyesogeza kiti.

"Huyu ni Nasike wangu," Mama Naim akasema. "Ana shida gani?"

"Si huyu ni yule kichaa wa mzee Wanyonyi? Mzee mwenyewe alimleta kwangu. Akaniambia ati ndiyo dawa yake, akipelekwa kwa ofisi anadhani anatafuta kazi, anatulia. Akaniomba nivumilie tu dakika mbili. Akasema hata ukimuuliza kama ni mgonjwa wa akili, atakubali."

"Ukamuuliza?"

"Nikamuuliza. Akatingisha kichwa."

Kiswahili changu kilikuwa bado kichanga lakini hayo niliyasikia yote, neno kwa neno. Nikaweka sufuria chini.

Kwa hivyo ndiyo ile soda. Ndiyo yale machozi.

Na ghafla nikaelewa kwa nini. Mzee hakutaka nipate kazi kwa sababu kazi nilikuwa nayo tayari. Kwake. Bure. Mganda akipata mshahara Endebess, ng'ombe watakamwa na nani?

Kimutai alipoondoka nilimwambia Mama Naim ninachotaka. Nilitaka niende nyumbani, nichemshe maziwa ya huyo mzee, nimmwagie yote kichwani. Sikuwa natania.

Alinishika mkono akaufinya. "Ukimmwagia, wewe utakuwa kichaa kweli, na yeye atakuwa alisema ukweli. Unataka kumpa hiyo?"

Sikutaka kumpa hiyo. Nilitaka kumnyang'anya.

Nikarudi nyumbani, nikakama, nikatabasamu. Lakini kuanzia siku hiyo redio ya Kibukusu ikawa inalia kwa zizi kutoka alfajiri. Wateja wa Kibukusu nikaanza kuwachelewesha mlangoni kwa maswali. Kisoga cha mama na Kibukusu ni majirani, maneno mengi yanashikana, kwa hivyo haikunichukua muda mrefu.

Jioni moja nikiwapakulia mchuzi, nikamsikia Sellah akimuuliza baba yake kwa Kibukusu, "Na huyu Mganda akijua siku moja?"

"Atajulia wapi?" mzee akajibu na mdomo umejaa. "Akili ya huyo imeishia kwa ng'ombe."

Wakacheka, Sellah akapaliwa na ugali. Nikamletea maji. Nikatabasamu.

Niliwachukia wote wawili siku hiyo, na sitaki kudanganya kwamba niliomba Mungu anisaidie kusamehe.

Halafu Sellah akapata mchumba, kijana wa familia nzuri ya huko Bungoma. Nyumba ikawa shangwe, mzee akaanza kuongea habari ya mahari mpaka na ng'ombe zizini.

Sasa, Wabukusu wana mambo yao. Kabla mahari haijatajwa, watu wa kijana wanatuma mtu kuuliza chini chini. Hiyo nyumba kuna wachawi? Kuna wezi? Kuna wazimu kwa damu? Huo wazimu ndio wanauogopa sana, wanasema unafuata wajukuu.

Siku hizo watu wengi walipita kwa Mama Naim. Kuna mama mmoja wa kitambaa cha zambarau alikaa sana na chai yake, akiuliza habari za mtaa. Nilimhudumia vizuri, tukaongea kidogo, akaenda zake.

Siku ya mahari ikafika. Tulienda boma la ukoo kule Tongaren, mimi nikiwa mpishi, kama kawaida. Nilichinja kuku, nikasonga ugali, nikapika chai ya kutosha kijiji. Wageni wakafika wakaketi sebuleni. Msemaji wao alikuwa mzee Wakhungu, mtu mpole wa kuongea polepole. Kando yake aliketi mama Phelista, shangazi wa kijana.

Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi. Nilisikia kila kitu, na chote kilikuwa Kibukusu.

"Mzee Wanyonyi," Wakhungu akaanza, "kabla hatujataja ng'ombe, kuna neno tumelisikia. Tumesikia hii nyumba ina wazimu."

"Wazimu!" Mzee akainuka. "Nani amesema?"

"Wewe."

Mzee akaketi tena.

"Umesema kwa Kimutai wa kiwanda cha maziwa. Umesema kwa mama wa gesti. Umesema kwa shule kule Endebess. Tulizunguka kote tukauliza. Kila mmoja alisema ni wewe mwenyewe ulimwambia, na mgonjwa ni mtoto wa ndugu yako, tumbo moja."

Nikamsikia Sellah akianza kulia.

Phelista akasema, "Hatukatai watu kwa maneno ya barabarani. Tuleteeni huyo msichana tumwone."

Mzee alikuja jikoni mbio, shati limelowa jasho. Kile Kiganda chake cha ndizi kilikuwa kinamtoka vipande vipande.

"Nasike. Nasike mwanangu. Enda uongee nao. Ongea kitu chochote. Waone uko sawa."

Nasike! Kumbe alilijua.

Nikaweka mwiko chini, nikafuta mikono, nikaingia sebuleni nikaketi pale nilipoonyeshwa.

Wakhungu aliniinamia, akauliza kwa upole, "Mwanangu, wewe ni mzima?"

Nikatabasamu. Nikatingisha kichwa.

"Ama una ugonjwa wa akili?"

Nikatabasamu. Nikatingisha kichwa.

Wageni wakatazamana. Kuna mzee alichukua kofia yake.

"Ongea!" mzee Wanyonyi akafoka. "Si uongee, wewe! Una mdomo!"

Nikamgeukia nikamtingishia kichwa na yeye pia, kwa heshima zote.

"Mmemwona?" Wakhungu akasema kwa huzuni. "Hata haelewi anachoulizwa."

"Anaelewa! Huyu si kichaa, anajifanya! Hiyo ya kutingisha kichwa nilimfunza mimi!"

Hata Sellah aliacha kulia.

"Ulimfunza kwa nini?" Phelista akauliza.

Mara ya kwanza tangu nimjue, mzee akaongea kwa sauti ya chini.

"Nilidanganya," akasema akitazama miguu yake. "Hana wazimu. Niliwaambia hivyo ndio wasimchukue. Nani... nani angenikamia ng'ombe?"

Hapo ndipo niliposimama.

"Mulembe, wazee wangu," nikawasalimu kwa Kibukusu. "Mimi ni Nasike, binti ya yule Kizito aliyezaliwa kwa hili boma. Akili zangu ziko sawa. Nilikuwa nangoja baba mdogo amalize kuongea, kwa sababu yeye ndiye aliniambia mbele ya wakubwa nisifungue mdomo."

Ungeona uso wa mzee, ungemhurumia. Mimi sikumhurumia.

Nikamgeukia Sellah. "Dada, siku ile mlisema akili yangu imeishia kwa ng'ombe, ule mchuzi ulikuwa na chumvi ya kutosha?"

Akafunika uso kwa leso.

Wakhungu alikuna kidevu. Halafu akasema, "Mahari tutaongea siku nyingine. Kwanza, Wanyonyi, utarudi kwa kila mlango ulikosema hayo maneno, uyafute. Na huyu mtoto awe kando yako. Ukimaliza, tuite."

Jamani, hiyo safari! Ningeirudia kila wiki.

Tulianza kwa Kimutai. Mzee akajikunja kwa kiti, akaanza kunong'ona Kibukusu.

"Kwa Kiswahili, baba mdogo," nikamwambia. "Na utoe sauti. Nataka kuelewa."

Akatoa sauti. "Huyu msichana si kichaa. Ni mimi nilidanganya."

Kimutai alinitazama, akamtazama yeye, akasogeza kiti chake nyuma. Safari hii hakusogea kwa ajili yangu.

Kwa gesti, yule mama alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Akafungua friji, akanipa soda. Mzee hakupewa hata maji.

Kule Endebess, mwalimu mkuu aliniuliza tu kitu kimoja, kama naweza kuanza kwa kuwapikia chakula cha mchana wa siku hiyo. Nikafunga leso kiunoni nikaingia jikoni. Mpaka leo niko hapo.

Sellah aliolewa, nguo zake anafua mwenyewe. Mzee anakama ng'ombe wake mwenyewe, na nasikia mgongo unamsumbua. Pole yake.

Lakini kuna kitu sijawaambia.

Siku ile ya Tongaren, wageni walipokuwa wanatoka, mama Phelista alibaki nyuma. Akaja mpaka mlango wa jikoni, akatoa kitambaa kichwani ajipepee. Kilikuwa cha zambarau.

"Hebu ngoja," akasema polepole. "Wewe si yule wa maziwa kule Tuwan? Uliyeniambia kwa Wanyonyi kuna msichana kichaa, na nisipoamini nikaulize kwa Kimutai, na kwa gesti, na kwa shule?"

Nikatabasamu.

Nikatingisha kichwa.

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kama unatafuta kazi ugenini, hata kama huo ugeni ni kwenu, mtu asikusemee halafu wewe ukubali tu. Uliza amesema nini. Uliza tena kwa mtu mwingine.

Na wewe unayemsemea mgeni kwa lugha asiyoijua, jua iko siku ataijua. Usimfanye akaijua akiwa amekukasirikia.