Shingo ya Dada

Kwetu Kigonsera uvimbe wa shingo haukuwa ugonjwa. Tuliuita rovu, na karibu kila ukoo ulikuwa na bibi aliyezeeka nalo. Kinundu kilipotokea kwenye shingo ya dada yangu, mama alicheka. "Rovu la bibi yenu limepata mrithi," alisema, na dada akaendelea kuimba.

Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Mimi niliacha shule mapema, na ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda Mbinga na magari yao. Nilibeba magunia yao. Nikichoka, nateremka ziwani kuchukua usipa, dagaa wetu wa Nyasa, nipande nao milimani. Sikukaa mahali. Kilichonirudisha nyumbani kilikuwa sauti ile ya dada tu.

Safari moja nikakuta inakatika kabla wimbo haujaisha. Kinundu kilikuwa kigumu kama kokwa. Nikampeleka hospitali ya misheni, wakachukua kinyama cha kupima, na baada ya majuma majibu yakaja: kansa ya tezi la shingo. Daktari alisema tezi litolewe lote, na likitolewa ataishi. Ila mshipa wa sauti unapita palepale. Huenda ukaguswa.

Dada alilia siku nzima. Alikuwa hajaolewa. Kufa hakukutaja hata mara moja. Alishika shingo yake na kuuliza, "Kovu litafika wapi?" Kisha, "Nikifungua mdomo kanisani, kitatoka nini?" Akakataa kukatwa, wakambakiza wodini afikirie.

Wodi ya wanaume alikuwepo mzee mmoja wa Mpepai, ana ugonjwa uleule, uvimbe wake mkubwa zaidi, nikawa nampitishia chakula.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta usipa, au umekuja kuangalia kama bado napumua?"

Alikula, akatania wauguzi. Shingo yake, alisema, imebeba magunia maisha yote, nani ataitazama? Nilishangaa ugonjwa mmoja unavyomvunja huyu na kumwacha yule. Nikamuuliza sista, muuguzi wa zamu.

"Dada yako bado anatazamwa, na ana miaka mingi mbele ya kutazamwa," alisema. "Mzee ameshapita hapo. Lakini mwangalie wanawe wakiondoka."

Nikamwangalia. Wanawe walipotoka aligeukia ukutani na ugali ukapoa. Nilikaa kitandani pake mpaka akasema mwenyewe.

"Dada yako ana nafuu, analia. Mimi nikitoa chozi moja wanangu watasema mzee amekwisha. Watagawana mibuni kabla sijafunikwa."

Kesho yake wagonjwa walikuwa uani wakiota jua. Mzee akajikokota mpaka alipokaa dada.

"Mjukuu wangu, anzisha wimbo."

"Sauti imechoka, babu."

"Na mimi nimechoka. Anzisha hivyohivyo."

Akaanza chinichini, wimbo wa kutawanyikia baada ya misa. Wanawake wakadaka kiitikio. Sauti yake ilipanda, ikakwama, ikapanda tena, na mzee akawa anajifuta macho kwa shuka.

"Moshi wa jikoni," alisema.

"Jiko liko kule nyuma, babu," dada akajibu, na akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu majibu yaje. "Basi tukakatwe wote," alimwambia. "Wewe utangulie, nikuone."

Mzee alitangulia, akarudi Mpepai kwenye mibuni yake. Dada naye alipona. Lakini mshipa uliguswa, na sauti iliyobaki ilikuwa kama kijiko kikikwangua sufuria.

Kigonsera hakukaa. Kila Jumapili msichana mwingine alipoanzisha wimbo, kanisa zima liligeuka kumtazama yeye. Akashuka Mbaha, akaanza kuuza mitumba karibu na wanapoanika usipa. Ameolewa hukohuko.

Mara ya kwanza nilipomfuata nilimkuta shingo wazi, kovu linang'aa kwa jasho. Joto la ziwani halitaki skafu. Mama mmoja alikuwa anavuta blauzi.

"Wewe jogoo, punguza bei."

"Jogoo hapunguzi," dada alikwaruza. "Nenda kwa kuku."

Wakacheka wote wawili. Mama yule alipoondoka nilimuuliza dada kama huwa anajaribu, akiwa peke yake.

"Kujaribu nini?"

"Kuimba."

Alikunja blauzi, akaiweka juu ya nyingine.

"Mdogo wangu, watu wa huku wananijua kwa sauti hii. Wewe ukija unakuja kumtafuta yule mwingine. Nakuona unavyosikiliza. Siku nyingine njoo kunitembelea mimi."

Nikamwambia sawa. Tangu hapo nimekwenda mara nyingi. Tunakula, tunataniana, namletea maharage kutoka milimani. Yeye ni mzima, na hilo ndilo tuliloomba. Lakini bado, kila anapovuta pumzi kabla ya kusema, mimi nanyamaza na kungoja.