Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Merdi

Mimi Viviane, dada mkubwa wa Merdi, ndiye niliyeukata ule mgomba. Nasema mwenyewe, asije jirani akawasimulia kwa maneno yake.

Merdi hakuzaliwa mwanajeshi. Alikuwa anaendesha toleka, baiskeli ya kubebea abiria, toka mtaa wa Makiso mpaka sokoni mtaa wa Tshopo, huku akiwachokoza akina mama wanene: "Mama, leo nakubeba mara mbili, nusu na nusu!" Wanacheka, wanapanda. Vita ya mashariki ilipopamba moto, akajiandikisha. Siku hiyo nilimtukana, eeh, nilimtukana sana. Alinisikiliza mpaka nikachoka, akasema tu, "Yaya," ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "unichungie mama."

Miaka minne alibeba majeruhi huko milimani Kivu ya Kaskazini. Akipiga simu hasemi habari za risasi, anauliza mama amekula nini. Naye mama yetu, Germaine, kila jioni alimwekea sahani yake ya lituma, ndizi za kutwanga, na samaki juu. Aliifunika, na asubuhi tuliila sisi ikiwa baridi.

Kisha simu ikanyamaza. Baada ya miezi mitatu akaja Fiston, mwenzake wa kikosi, mkono umefungwa bandeji. Alisema waasi waliwavamia kambini, Merdi akarudi kumbeba mtu mmoja, moto ukawaka, hakuonekana tena.

"Maiti uliiona?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Bon. Basi mutoto wangu iko muzima."

Sahani ikaendelea, mwaka mzima! Mama akakonda, na kila pikipiki ikisimama nje anakimbilia mlangoni. Nikashindwa kuvumilia. Kwetu Yanonge, mtu akizama mtoni asipatikane, tunakata mgomba wa kimo chake, tunaufunga shuka, tunauzika kwa jina lake. Ukishazikwa, kumngoja kumekwisha, hata chakula chake hakiwekwi tena. Mama alikataa katakata. Nikamwita tonton Sébastien, mjomba wetu, mdogo wake mama, tukamkalia kooni wiki nzima mpaka akasema, "Fanyeni." Nilidhani namponya. Mungu wangu, nilidhani namponya!

Mgomba niliupima kwa suruali ya zamani ya Merdi. Makaburini tulisimika msalaba wenye jina lake; mama hakulia. Alirudi nyumbani, akaosha ile sahani, akaipanga pamoja na nyingine. Wiki sita baadaye tukamzika na yeye, kando ya msalaba wa mwanawe. Daktari alisema ni presha. Mimi najua ni nini.

Merdi alirudi mwezi wa kumi, mchana, juu ya toleka, safari hii yeye ndiye abiria. Waasi walikuwa wamemshika na kumfungia msituni, wakamwachia akiwa na mguu mmoja. Njia nzima watu walimkimbia wakipiga kelele. Mimi nilikuwa uani namenya ndizi. Aliteremka kwa gongo lake.

"Yaya, mama iko wapi?"

Nikampeleka makaburini. Alisoma jina lake kwenye msalaba, kisha akasoma la mama.

"Mama aliamini nimekufa?"

Ningeweza kumdanganya. "Tulimlazimisha," nikasema. "Mimi ndiye nilimlazimisha."

Hakunipiga, hakunitukana. Laiti angenitukana!

Kesho yake tonton Sébastien alikuja na jembe, maana mtu aliye hai hawezi kutembea mjini huku ana kaburi. Ilibidi mgomba ufukuliwe na msalaba ung'olewe. Merdi akaketi juu ya ule udongo.

"Acha, tonton. Mama alikuja hapa kwa sababu yangu. Mukinitoa, atabaki na nani?"

Tonton akalitupa jembe, akalia kama mtoto. Msalaba uko palepale hadi leo.

Jioni hiyo nilimpakulia Merdi lituma na samaki kwenye sahani yake ileile. Alikula nusu, akasimama kwa shida, akatafuta kifuniko.

"Hii ya mama," akasema, akaifunika.