Adapta za Mwanatatu

Huku Magongo, Mombasa, mtu hakupitii bure. Akibisha hodi ana lake: redio imenyamaza, pasi haipati moto, au anataka kujua fundi wa mabomba anakaa wapi. Akishapata alichofuata anakushukuru vizuri kabisa, kisha huyo, anakwenda zake. Si ubaya. Ni watu wa shifti, wa bandarini na viwandani na kwenye malori, na hata usingizi wanaulala kwa zamu. Lakini Mwanatatu alizaliwa Mtongwe, upande wa Likoni, ambako mtu huingia kwako akakaa saa nzima, akanywa chai, akaondoka, na ukiulizwa alifuata nini huna la kujibu, kwa sababu hakufuata kitu. Miaka thelathini ya Magongo haikumtoa tabia hiyo. Ilimkosesha tu wenzi wa kuwa nao.

Mumewe, Boga, alipokuwa hai walitoshana. Boga alikuwa fundi wa betri za foklifti katika ghala moja la Changamwe, na alipostaafu akafungua kibanda cha kutengeneza vyombo vya umeme mbele ya nyumba. Macho yalipoanza kumsaliti, Mwanatatu ndiye aliyeshika chuma cha kulehemu, naye Boga akielekeza kwa mdomo: "Usikimbilie risasi. Pasha waya kwanza. Waya ukipata moto, risasi yaingia yenyewe." Sasa ni mwaka wa tatu tangu amzike. Watoto hawakujaliwa. Siku za kazi zilikuwa na kelele za malori, zikapita. Jumapili ndizo zilizomtesa, maana Jumapili alikuwa akisikia hata kijiko chake mwenyewe kikigonga kikombe.

Ndipo akaja Oduor na gari lake la kuchezea. Kuchezea ni jina tu. Gari lenyewe lina urefu wa mkono mzima, linaendeshwa kwa rimoti, na likifunguliwa mwendo bodaboda haioni ndani. Oduor, mtu wa miaka arobaini mwenye mke na watoto Kisumu, anaendesha kreni bandarini wiki nzima, na Jumapili anakuwa kichaa. Yeye na Valarie, karani wa ofisi ya kutoa mizigo, pamoja na wenzao wawili, hushindana katika yadi tupu ya makontena, hatua mia tatu hivi kutoka kibandani. Shida yao ilikuwa plagi. Magari na betri walinunua vya mitumba, kila kimoja kwa mwenyewe tofauti. Gari hili lina plagi nyeupe ndogo, betri ile ina ya manjano kubwa, nyingine ya buluu, na hakuna inayoingia kwa mwenziwe.

Dawa yake Mwanatatu aliijua siku hiyohiyo. Unachagua plagi moja inayohimili umeme ule, unang'oa zote nyingine, unalehemu hiyo moja kwenye kila betri na kila gari, basi. Magari yale yalivuta umeme mwingi, kwa hiyo plagi ya kuwafaa ilikuwa ile kubwa ya manjano, XT90, ambayo namba yake inakwambia ampea inazobeba. Ile nyeupe ilitengenezewa vigari vya watoto. Na adapta, yaani kipande cha waya chenye plagi moja huku na nyingine kule, haina kosa ukichaji polepole. Lakini gari likikimbia, umeme wote wa plagi kubwa unalazimishwa kupita kwenye ile ndogo, kama kumwaga tangi kwa mrija wa soda.

Alijua, na alianza kuwaeleza, wallahi alianza. Lakini Oduor alikuwa amekaa kwenye benchi na kikombe cha chai, akicheka kisa chake mwenyewe kabla hajakimaliza, na Valarie alikuwa amevua viatu na kunyoosha miguu kama yuko kwao. Kibandani palikuwa na watu! Mwanatatu akapima upesi moyoni. Plagi moja nzuri ni kazi ya siku moja, halafu kwaheri ya kuonana. Adapta hulegea, huchoka, hurudi.

"Nitawatengenezea adapta," akasema.

Sitamtetea. Alikosa, na alikosa macho makavu. Na kweli adapta zikarudi, na wenyewe wakarudi nazo. Kila Jumapili saa tisa walikuwa pale, huyu yake imelegea, yule yake imepata moto. Mwanatatu akawa anakanda mahamri tangu asubuhi. Akajua kwamba Valarie hapatani na dada yake, na kwamba Oduor anaogopa paka. Akiletewa adapta aliigusa kwa mgongo wa mkono, jinsi Boga alivyomfundisha: ukihesabu hadi tano mkono hujauondoa, ni salama. Wakati mwingine aliondoa kwenye tatu. Akalehemu tena, akasema itafaa, akawaongezea chai.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, jua likiwa kali, wakaja wakikimbia. Valarie ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Gari lake lilikuwa limezunguka mara nne tu, adapta ikayeyuka, plagi mbili zikagandana zikawa kitu kimoja. Betri haikuweza kuchomolewa. Valarie alijaribu kuzitenganisha kwa vidole, plastiki ya moto ikamshika ngozi. Betri ikaanza kuvimba tumbo. Bahati Oduor alikumbuka, maana aliwahi kuambiwa na Mwanatatu mwenyewe, kwamba ukikata, kata waya mmoja kwanza; ukikata zote mbili pamoja koleo litaziunganisha na utaona cha moto. Alikata mmoja, akauvika utepe, akakata wa pili, akaitupa betri kwenye ndoo ya mchanga. Hapo ndipo ilipotoa moshi.

Mwanatatu aliutia mkono wa Valarie majini, akaushikilia humo. Vidole viwili vilikuwa vimetoka malengelenge.

"Si makosa yako, Mama," Oduor akamwambia. "Hizi vitu za mitumba ndivyo zilivyo."

Hapo angeweza kunyamaza. Walishamsamehe kabla hajaomba.

"Ni makosa yangu," akasema. "Nalijua tangu siku ya kwanza. Adapta hii haiwezi umeme ule, na miye naliitengeneza hivyohivyo."

Valarie aliinua uso. "Ati ulijua?"

"Nalijua, mwanangu."

"Na kwa nini basi? Ndio turudi tulipe tena?"

Mwanatatu akafungua mdomo. Jibu lilikuwa pale kwenye ulimi, fupi tu: nilitaka mrudi, mkae. Lakini mwanamke wa miaka hamsini na sita atasemaje kwamba alimwunguza mtu kwa sababu ya kutaka wa kunywa naye chai? Aliona afadhali aitwe mlafi wa pesa.

"Ndiyo," akasema.

Hakuna aliyemtukana. Oduor alitazama mahamri kwenye sahani, Valarie akarudisha macho kwenye maji. Aibu yote ilikuwa ya Mwanatatu.

"Nileteeni vyote," akawaambia. "Betri zote, magari yote, na waya za kuchajia. Sitaki hata senti."

Wiki hiyo alifanya kazi ambayo Boga angeikagua asikute pa kukosoa. Plagi alizifuata mwenyewe mjini, na kila moja aliigusa kwanza kwa ncha ya moto ya chuma cha kulehemu, kwa kuwa za bandia plastiki yake hulainika mara moja. Tatu alizirudisha dukani. Kwenye betri aliweka upande wenye matundu, ili shaba yake isiguse chochote ikiwa peke yake. Alipolehemu aliichomeka kila plagi na pacha wake, zisipinde kwa moto. Alimaliza waya mmoja na kuuvika mpira wake ndipo akagusa wa pili. Betri nane, magari manne. Ile ya mwisho ilimchukua mchana kutwa, na haikuwa na ugumu wowote.

Jumapili wakaja, wakaenda yadini kujaribu, wakarudi kibandani. Valarie, vidole vikiwa bado na plasta, aliiweka plagi kwenye mgongo wa mkono wake akahesabu hadi kumi.

"Baridi kabisa," akasema. "Asante, Mama." Alisema kwa adabu. Viatu hakuvua.

Jumapili iliyofuata hawakuja. Ya pili pia. Mwanatatu alisikia magari yao yakilia kule yadini kama nyuki, akakanda unga kidogo, akapunguza, mwisho akaacha kabisa. Hapakuwa na kilichoharibika. Alikaa akiombea kitu kilegee, hata kidogo tu, akastaghafiru, kisha akajikuta anaomba tena.

Jumapili ya tano akajitanda leso, akafunga kibanda, akaenda. Kwao mtu hufanya hivyo, anatoka tu akaenda kuona wenziwe. Alisimama kwenye geti la yadi. Magari yalikuwa yakizunguka mapipa, Valarie akipiga kelele za furaha, wenzao wawili wakibishana. Oduor alimwona, akaweka rimoti chini, akamjia mbio, uso umejaa wasiwasi.

"Mama! Kuna nini? Uko sawa?"

"Salama, mwanangu. Nimekuja kuwasalimu."

"Asante, Mama. Sisi tuko poa."

Kisha akasimama. Alikuwa anangoja. Hakuwa na haraka wala dharau, mikono ameikutanisha mbele kwa heshima kama mtu anavyomsikiliza mama yake, anangoja Mwanatatu amalize salamu aseme alichofuata. Na Mwanatatu akatafuta. Alitafuta kila mahali kichwani mwake.

"Zile plagi," akasema hatimaye. "Hazipati moto?"

"Hata kidogo! Wallahi Mama, kama unavyosema wewe. Kazi safi. Hatutakusumbua tena."

"Haya," akasema Mwanatatu. "Ni hilo tu."

Oduor akamshukuru kwa mikono miwili, akarudi mbio kwa wenzake, naye akaanza zile hatua mia tatu za kurudi nyumbani.