Mawe Aliyoyazoa Shangazi Bogumiła

Shangazi yangu Bogumiła Sadura hawezi kuona kaburi chafu akalipita. Ni ugonjwa. Wengine wana kisukari, yeye ana brashi. Na amezaliwa mahali panapoulea ugonjwa huo, maana wiki ya mwisho ya Oktoba kijiji chetu chote cha Borowina, nje ya mji wa Lublin, huinama makaburini kusugua mawe ya marehemu. Siku ya Watakatifu Wote ikifika, watu hawaji kuombea wafu tu, wanakuja kukagua: nani kaleta maua ya maana, nani kawasha mshumaa wa bei ya chini, kaburi la nani lina majani. Maiti wetu wakifufuka wiki hiyo wataambiwa warudi chini upesi, wanachafua.

Shangazi akishamaliza kaburi la mumewe, la wazazi wake na la jirani mmoja asiye na mtu, hupakia ndoo, siki na brashi kwenye gari lake na kwenda msituni. Huko uko mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi wa kijiji chetu. Mwaka wa arobaini na mbili Wajerumani waliwatembeza kutoka sokoni mpaka kwenye misonobari, wakawapiga risasi na kuwafukia katika shimo walilochimbishwa wenyewe. Nusu ya kijiji ilikwisha asubuhi moja. Nusu iliyobaki ikahamia kwenye nyumba zilizobaki wazi, na mpaka leo ukimuuliza mtu kabati hili babu yake alilipata wapi, anakumbuka ghafla kwamba ana maziwa jikoni.

Shangazi hakuwa mtu wa maziwa jikoni. Kizingiti cha ghala la babu yetu kilikuwa jiwe la kaburi la Kiyahudi, limelazwa maandishi yakiangalia chini. Alikikanyaga utoto wake wote. Babu alipokufa, alikodi trekta, akaling'oa mchana kweupe na kulirudisha kwenye makaburi lilikotoka. Tangu siku hiyo kijiji kikamwita Bogumiła wa Wayahudi. Watu wengine walikuwa wakimwona tu, kikohozi kinawabana hadi awe amepita.

"Ukija kung'oa kwangu," jirani yake Genowefa Kloc alimwambia mbele ya duka, "anzia chooni, kunavuja."

"Kwako sing'oi kitu, Genowefa. Nikitoa cha watu, utalala nje," shangazi akamjibu, na wakanyimana salamu mpaka Pasaka.

Mumewe alipofariki alimwachia gari la abiria tisa na majonzi. Majonzi akayafanyia kazi kwa gari. Akaanza kuwachukua wageni Lublin, mmoja mmoja au familia moja, kuwapeleka msituni na kuwarudisha siku hiyo hiyo. Hawakuwa wengi. Walikuwa wajukuu wa wale waliolala kule, kutoka pembe zote za dunia, na wote walikuwa na tabia moja: hawakuleta maua. Waliweka jiwe dogo juu ya mnara, wakasimama, wakaondoka.

Mwaka jana, siku chache kabla ya sikukuu, alinipitia asubuhi twende kumpokea mzee mmoja. Mzee alikuwa ameandika kwamba hataki mwongozaji, na mimi niliyeacha stashahada ya utalii katikati nilikuwa na sifa zote za kutokuwa mwongozaji. Kazi yangu ilikuwa kumshika mkono kwenye matope.

"Leo hatukwami," shangazi aliniambia njiani, uso umemng'aa. "Jana nimeusugua mnara, unang'aa kama sahani ya harusi. Mawe yote ya zamani nimeyazoa. Yalikuwa yamerundikana mpaka majina hayasomeki, mengine yameota kuvu."

"Umeyapeleka wapi?"

"Jalalani niliona si heshima. Nimezibia mashimo ya njia ya msituni, wageni wapite vizuri."

"Shangazi, si waliyaweka kwa makusudi?"

"Na maua je, hayawekwi kwa makusudi? Yakichakaa unaondoa, unaacha nafasi ya mapya. Wewe kaburi la mama yako ungeliacha na maua ya mwaka juzi?"

Huku kwetu kila kinachowekwa juu ya kaburi kina siku zake, kisha kinakwenda na taka: maua, shada, glasi za mishumaa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jiwe haliozi ndiyo maana likachaguliwa. Wageni walidhani anajua. Yeye alidhani hakuna wa kuyaondoa.

Mzee alikuwa anasubiri nje ya stesheni na fimbo yake, koti zuri kuliko hali ya hewa. Aliitwa Henryk Wajnsztok. Alizaliwa Lublin baada ya vita, akafukuzwa nchini mwaka wa sitini na nane, serikali ilipowafukuza Wayahudi waliobaki, pamoja na dada yake, Dorka, na tangu hapo akaishi Malmö, Sweden. Lugha yetu aliizungumza kwa namna watu walivyoizungumza redioni zamani, kila neno limepigwa pasi.

"Mama dereva, natumaini huvuti sigara," alisema akiketi kiti cha mbele.

"Niliacha, baba. Nimebaki na kikohozi tu kama ukumbusho."

Akacheka. Walipatana tangu mwanzo, hilo ndilo liliniuma baadaye. Waligombana kuhusu namna ya kutia bizari kwenye matango ya chumvi, wakamsengenya mwenye hoteli aliyolala mzee, na tulipotoka nje ya mji shangazi akamuuliza kama ni mara yake ya kwanza kuona msitu.

"Msitu nimeuona. Nimekuja kuona jiwe."

"Jiwe la mnara?"

"La Dorka." Akatoa mkono mfukoni, na kiganjani mna jiwe la kijivu, la kawaida kabisa. "Hili ni langu. Lake ni jeusi, na lina mstari mweupe umelizunguka, kama kifurushi kilichofungwa uzi. Aliliokota ufukweni karibu na kwake, akalileta alipokuja mara ya mwisho. Kule wamelala bibi yetu na shangazi zetu ambao hatukuwahi kuwaona. Akaniambia, Heniek, maana ndivyo alivyoniita, nikifa mwili wangu utakuwa Malmö, lakini mimi nitafute kule. Amekufa mwaka huu, majira ya kuchipua."

Gari lilikwaruza gia. Nilimwona shangazi masikio kwa nyuma, yamegeuka mekundu.

"Nataka kuliweka langu ubavuni mwa lake," mzee akaendelea. "Basi. Nikishaliweka, nchi hii na mimi tumemalizana."

Kuanzia hapo shangazi akawa dereva wa ajabu. Alisimama kununua maji na maji yalikuwemo. Alishuka kukagua tairi zisizo na neno. Akamkaribisha mzee kwake supu ya shayiri, akamwambia msituni kuna matope mabaya, mvua inakuja, angeonaje wangeenda kesho.

"Kesho nina meli," mzee akasema. "Na mimi mvua naijua, mama. Naishi Sweden."

Tulipofika pale njia ya msituni inapoachana na lami, shangazi alisimamisha gari. Mbele yetu mashimo yalikuwa yamezibwa vizuri, kwa kazi safi ya mtu anayependa usafi. Akaiweka mikono juu ya usukani kama mwanafunzi anayesubiri fimbo.

"Tumekwama?" mzee akauliza.

"Hapana, baba."

"Sasa?"

"Siwezi kupita hapa. Mawe yapo hapa chini." Akaeleza yote, upesi, bila kujitetea: sikukuu, brashi, kuvu, mashimo. Mzee alimsikiliza akiangalia kioo cha mbele.

Ndipo honi ikalia nyuma yetu. Lilikuwa lori la magogo, na ndani yake Leszek, mtoto wa Genowefa. Hakutaka kusubiri. Alitupita kwa pembeni, akaingia njia ya msituni, na tukasikia mawe yakisagika chini ya tairi zake, shimo la kwanza, la pili, na yote yaliyofuata. Akatoa kichwa dirishani.

"Bogumiła! Asante kwa barabara! Sasa inapitika!"

Shangazi alishuka mbio akimpungia mikono asimame. Leszek alidhani anapungiwa kwa heri, naye akapunga.

Tulichimba. Shangazi alipiga magoti kwenye shimo la kwanza na kuchokoa kwa vidole, koti lake la kanisani limeloa mpaka kiunoni. Mimi nilichukua la pili. Mzee hakutaka kukaa garini. Alikataa mkono wangu, akaegemea fimbo na kuyafukunyua matope kwa ncha ya kiatu chake kizuri. Kila tulichokitoa tulikitia kwenye ndoo ile ile ya kusugulia makaburi na kukisuuza. Yalitoka meupe, ya kijivu, mekundu, moja lenye herufi za rangi zilizofutika nusu, na mengine mengi yaliyovunjika. Meusi yalikuwepo. Shangazi alimwonyesha kila moja.

"Hili?"

"Hapana."

"Hili je? Angalia vizuri, baba, huku pembeni kama pana mstari."

"Huo ni mkwaruzo wa lori lenu."

Mvua ikaanza kweli. Mzee akasimama na kuangalia zile njia mbili za tairi zinazoingia msituni.

"Baba yangu alinisimulia jinsi Wajerumani walivyotandika mawe ya makaburi yetu kwenye barabara ya stesheni," alisema. "Nikadhani hayo yamekwisha."

"Mimi si Mjerumani," shangazi akasema, na hiyo ndiyo mara pekee aliyoinua sauti.

"Najua. Mjerumani alijua anafanya nini."

Nilitaka kumwambia kuhusu kizingiti cha ghala, trekta, vile vikohozi vya kijiji. Shangazi akanitikisia kichwa. Akapangusa matope usoni, akayazidisha.

"Nisamehe, baba."

"Kusamehe si kwangu. Jiwe ni la Dorka. Muombe yeye."

Hakulisema kwa hasira. Kama angekuwa na hasira, shangazi angepata pa kujishikia.

Tulimtembeza mpaka kwenye mnara, maana alikuwa ametoka mbali. Uling'aa, kama shangazi alivyosema. Ulinuka siki. Chini yake shangazi alikuwa ameweka chungu cha maua ya njano na mishumaa yake miwili mizuri, ile ya glasi yenye kifuniko, aina ambayo hata mumewe haipati kila mwaka. Mzee aliangalia sehemu ya juu, tupu kama meza iliyofutwa baada ya wageni. Akaingiza mkono mfukoni na kuutoa. Lile jiwe la kijivu alilishika kwa muda, akalirudisha.

"Weka tu, baba," shangazi akamwambia kwa sauti ya chini. "Hakuna atakayeligusa."

"Nililileta liwe ubavuni mwa lake. Ubavu wenyewe hauko."

Njiani kurudi Lublin hakuna aliyezungumzia matango. Shangazi alimpa mkate wake wa nyama, mzee akaula wote, kwa kuwa alikuwa na njaa na njaa haina kinyongo. Alipomaliza akasema chumvi imezidi. Stesheni alishuka mwenyewe, akanishukuru mimi, akaufunga mlango wa gari polepole kama watu walivyofundishwa zamani, asiubamize. Shangazi alibaki kwenye usukani akiliangalia lile koti mpaka likazama kwenye umati.

Kesho yake alikwenda msituni kabla sijaamka, na kesho kutwa tena. Aliyachimbua mashimo yote mpaka kwenye udongo wa asili. Kila kilichokuwa jiwe, kizima au kipande, alikirudisha juu ya mnara na matope yake. Hakusuuza. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu kwamba maji yalishafanya kazi yake ya kutosha. Lile lenye mstari mweupe halikuonekana. Labda limesagika. Labda limo ndani ya tairi la Leszek, linatembea nchi nzima bure, bila tiketi.

Siku ya Watakatifu Wote, watu wakishamaliza kukaguana makaburini hupita msituni kunyoosha miguu. Walikuja na mwaka huo. Wakakuta mnara umefunikwa kokoto na tope lililokauka, maua yamegandwa na udongo, na pembeni amesimama mwanamke asiyeweza kuona kaburi chafu akalipita, mikono ndani ya mifuko.

"Ee, Bogumiła," Genowefa akasema, kwa sauti ya kutosha wote. "Umezeeka? Hata Wayahudi wako umewaacha wachafu?"

Nilisubiri jibu. Shangazi yangu ana jibu la Genowefa kwa kila siku ya mwaka, mengine ameyaweka akiba. Alimtazama, akatazama ule mnara, na niliona vidole vyake vikijikunja ndani ya mfuko kama vinashika brashi.

"Waache walivyo," akasema.

Leszek naye alikuwa na lake. "Mashimo yamerudi, shangazi. Lori langu litavunjika."

"Ndiyo," akamjibu. "Yamerudi."

Siku hizi gari analiacha kwenye lami, asije akakanyaga kipande kilichobaki. Wageni wake wanatembea mpaka msituni, wazee kwa vijana, mvua kwa jua. Wengine wanalalamika, wawili wameandika kwenye mtandao kwamba dereva ni mvivu. Nilimsomea. Akaniambia niende nikamchotee maji, kaburi la mumewe limeota majani.