Karatasi Ngumu ya Baba

Mwezi uliopita nilikwenda Kisesa kumzika shangazi yangu, na baada ya mazishi nikatembea peke yangu hadi pale palipokuwa na kiwanda cha kuchambua pamba. Nilisimama nikiwa nimeduwaa. Hapakuwa na hata tofali moja. Pamejengwa maduka, na mbele ya duka mojawapo fundi alikuwa anachana pakiti ya plastiki na kutoa gasketi mpya ya pikipiki, kile kikaratasi kigumu kinachobanwa kwenye injini ili oili isivuje. Ndugu yangu, nilisogea nikaitazama ile gasketi hadi fundi akaniuliza kama nataka kununua.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne. Enzi hizo tuliamshwa na king'ora cha kiwanda, na msimu wa pamba ukifika, nyuzi nyeupe zilituingia hadi kwenye uji. Baba alikuwa mkaguzi wa pamba. Alivaa shati jeupe kila siku, na kucha zake zilikuwa safi kuliko za mwalimu wetu. Sebuleni, juu ya redio, mama alikuwa ametundika cheti cha utumishi cha baba, chenye mhuri mwekundu na jina lake kwa herufi za mapambo. Fremu yake aliinunua baada ya kuuza kuku wawili. Hakuna mgeni aliyeondoka bila kuonyeshwa.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakafuata pamba mashambani kwa malori yao, kiwanda kikakosa cha kuchambua. Asubuhi moja king'ora hakikulia. Baba akavaa shati lake, akaenda, akarudi kabla uji wake haujapoa. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Alichoambulia baada ya miaka yote ile ni pikipiki ndogo aliyokuwa akizungukia vijijini.

Akaanza kuifuatia samaki Mwanza mjini, tenga limefungwa nyuma. Bibi, mama yake, alimtia moyo kwa maneno aliyozoea, kwamba ng'ombe haelemewi na nundu yake. Lakini pikipiki ilikuwa inavuja oili ubavuni mwa injini. Siku moja oili ilimwishia njiani, injini ikagoma, akaisukuma juani hadi nyumbani. Samaki wote wakaoza. Fundi alituambia gasketi imeliwa, na mpya haipatikani Mwanza nzima. Akiendelea kuendesha hivyo, injini itakufa.

Jumamosi baba akaamua kuifungua mwenyewe uani. Mimi nilishika beseni, oili nyeusi ikamiminika humo. Alilegeza nati, akazipanga kwenye sahani, akatoa kava na kukwangua mabaki ya gasketi kwa wembe. Mara ya kwanza alikata gasketi kwa jalada la daftari langu. Likalowa, oili ikavuja palepale. Akafungua tena, akajaribu boksi la sabuni. Lilikuwa nene mno, nalo likavuja.

Hapo akanawa mikono kwa sabuni na majivu, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika kile cheti, bila fremu.

Nilidhani anataka kutuonyesha kitu. Akakilaza juu ya kava ya injini, akachukua nyundo ndogo na kuanza kugonga pembeni taratibu, ili ukingo wa chuma uikate karatasi. Mama alikuwa anatoka kisimani. Akasimama na ndoo yake kichwani, maji yakimtiririka usoni.

"Baba watoto," alisema polepole, "hicho ni cheti chako."

Baba hakuinua uso. "Nakijua. Ndiyo karatasi ngumu tuliyo nayo."

Bibi alikuwa anabambua karanga. Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. Nilisubiri mtu mmoja apige kelele, amzuie, na hakuna aliyefanya hivyo. Kipande chenye mhuri kilidondoka, kuku akakidonoa.

Baba alipaka grisi, akarudisha kava, akakaza nati moja moja, akatia oili, akawasha. Pikipiki iliunguruma muda mrefu sana. Mama akatua ndoo, akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya injini na kukitazama. Kilikuwa kikavu. Ndipo alipoanza kulia.

Pikipiki ile ilitulisha hadi nikamaliza darasa la saba, kisha baba akamuuzia mkulima mmoja wa mpunga kutoka Magu. Sijui kama alimwambia kilichokuwa ndani.

Bibi alitangulia, baba akafuata. Nyuzi za pamba haziruki tena Kisesa, na vijana niliowauliza pale madukani hawakujua kwamba paliwahi kuwa na kiwanda. Hakuna ukuta wala karatasi inayosema kwamba mtu yule aliwahi kufanya kazi pale, na aliifanya vizuri. Tunaojua tumebaki mama na mimi, na mama ameanza kusahau.