Jibu Lililochelewa Nyangoto

Baba alipofariki, mdogo wake alianza kulima kuvuka mpaka. Kila msimu plau yake ilimega kipande cha shamba letu pale Nyangoto, na mkonge aliopanda baba kuonyesha mpaka ukang'olewa. Mama alikwenda serikali ya kijiji mpaka akachoka. Mimi natengeneza tovuti mjini Tarime, na nilikuwa nimejifunza kuandika mikataba ya blokucheni: makubaliano yanahifadhiwa kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, na yakishaingia hakuna anayeweza kuyafuta peke yake.

Tulimbembeleza baba mdogo, akakubali kuja mara moja tu, pamoja na wazee wa ukoo. Tukautembea mpaka wote, nikapima kwa simu, akasema ameridhika. Tukakaa uani. Nikaingiza vipimo kwenye mkataba, baba mdogo akabonyeza simu yangu kuthibitisha, mama naye akabonyeza, nikautuma.

Kilichobaki ni mtandao kunirudishia jibu kwamba umepokelewa. Alama ya kusubiri ikazunguka, ikazunguka. Nikapanda juu ya jiwe, nikainua simu kutafuta mnara. Mama alikuwa ananitazama mimi, si simu. Kisha yakatokea maandishi mekundu.

"Imesema nini?" baba mdogo akauliza.

"Imeshindikana, lakini subiri kidogo, baba mdogo, mtandao ni..."

"Nimewapa siku yangu nzima. Hata mashine yenu imekataa." Akainuka.

Mama akamkimbilia mpaka njiani, akamshika mkono. "Shemeji, nakuomba. Kaa kidogo tu." Sijawahi kumsikia akiomba kwa sauti ile. Akajinasua, akaenda zake, wazee wakamfuata.

Niliporudi Tarime nikaukuta mkataba umeingia, mzima kabisa. Ulipokelewa baba mdogo akiwa bado amekaa kwenye kigoda chetu. Ukurasa niliotengeneza wa kuutumia ulichoka kusubiri jibu, ukahesabu kimya kuwa ni kukataliwa. Nikaurekebisha: sasa unahifadhi namba ya muamala kabla ya kusubiri, na mtandao ukirudi unauliza tena, na hausemi umeshindwa mpaka uambiwe hivyo. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Nilipomaliza nililia mezani.

Nikarudi Nyangoto, nikaenda kwa baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

Nikamwonyesha kwenye simu kwamba mkataba uliingia. Akaisoma, akanirudishia simu. "Siku ile ilisema hapana."

"Haikuwa hapana. Jibu lilikuwa njiani."

"Wazee walisikia hapana. Mimi siwezi kuwaita tena waje kusikia kingine."

Nilipiga magoti pale pale, mkewe akiona. Akaniambia niinuke, niende nyumbani.

Mvua zilipoanza alilima, akapita pale tulipopima. Nilimfungulia mama mkataba kwenye simu. Akausoma wote polepole, akauliza nani atakwenda kuwasomea wale ng'ombe wa plau. Akachukua jembe, akaenda kupanda mihogo kwenye kipande kilichobaki, nami nikamfuata.